Mfalme Chini ya Sheria: Paris, Julai 1830

Mapinduzi ya Julai 1830 nchini Ufaransa yalichochewa na amri nne za Mfalme Charles X, zilizotiwa saini tarehe 25 mwezi huo. Uhuru wa magazeti ulisitishwa. Bunge lililotoka kuchaguliwa likavunjwa hata kabla halijakutana. Sheria ya uchaguzi ikabadilishwa. Na uchaguzi mpya ukaitishwa.

Iliyowachoma zaidi matajiri wa mjini ni ile ya tatu. Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume wa miaka 30 au zaidi, anayelipa faranga 300 za kodi kwa mwaka. Katika taifa la watu zaidi ya milioni 30, waliofikia kiwango hicho hawakuzidi laki moja kwa mbali. Sasa kodi ya biashara haikuhesabiwa tena: mwenye kiwanda alifutwa, mwenye mashamba akabaki.

Waandishi 44 walitia saini tamko la upinzani lililoandikwa na Adolphe Thiers. Hawakudai kiti cha enzi kivunjwe. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali imeiacha sheria, hivyo imepoteza haki ya kutiiwa. Tarehe 27, polisi walipofika kuharibu mitambo ya gazeti la Le Temps, mhariri Baude aliwasomea kifungu kinachoadhibu wizi wa kuvunja mlango. Fundi kufuli waliyekuja naye alisikiliza, kisha akakataa kazi.

Hata hivyo, hoja peke yake isingemng'oa Charles. Waliopigana siku tatu nyuma ya vizuizi vya mawe ya barabarani ni mafundi: wachapaji walioachishwa kazi, maseremala, waashi. Wabunge waliberali walikuwa wakijadiliana nyumbani kwa Jacques Laffitte, mwenye benki. Ushindi ulipopatikana, wao ndio walioamua utumikeje. Jamhuri iliwatisha, kwa kuwa umwagaji damu wa jamhuri ya kwanza, mwaka 1793, ulikuwa haujasahaulika. Wakamwita Louis-Philippe wa ukoo wa Orléans, ambaye Agosti 9 alikula kiapo kama Mfalme wa Wafaransa, si wa Ufaransa.

Katiba iliyorekebishwa ilimzuia mfalme kusimamisha sheria, ikapiga marufuku udhibiti wa magazeti na kulipa Bunge haki ya kupendekeza sheria. Kiwango cha mpiga kura kilishushwa hadi faranga 200, na umri hadi miaka 25. Mwaka 1831 wapiga kura walikuwa kama 166,000. Mlango ulifunguliwa kiasi cha kuwapitisha waliokuwa wakiubisha. Fundi aliyepigana alibaki nje. Novemba mwaka huohuo, wafumaji wa hariri wa Lyon walipoinuka kudai malipo bora, serikali hiyo ya kiliberali iliwapelekea jeshi.

Louis-Philippe naye alikataa kupanua haki ya kura. Februari 1848 serikali yake ilipiga marufuku karamu ya wadai mageuzi jijini Paris, vizuizi vikarudi mitaani, na tarehe 24 akajiuzulu. Jamhuri iliyofuata iliwapa kura wanaume wote wa miaka 21 na zaidi. Wanawake wa Ufaransa walisubiri hadi 1944.