Kwa Nini Mpira wa Kusafishia Damu Huziba

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kupitia mpira wa shingoni huambiwa mara kwa mara kwamba mpira umeziba, naye hudhani amekosea jambo. Mara nyingi hakukosea. Mpira unapoingia mshipani, protini za damu hujibandika juu yake, chembe sahani hufuata, na bonge la damu huanza kujengeka.

Mbona basi damu haigandi ndani ya mshipa wenye afya? Sababu mojawapo ni kwamba seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mshipa hutoa, bila kukoma, kiasi kidogo mno cha gesi ya nitriki oksaidi. Gesi hiyo huutanua mshipa na kuzuia chembe sahani zisishikamane. (Isichanganywe na nitrasi oksaidi, itumikayo katika kutia ganzi na usingizi.) Utafiti juu yake uliwapatia Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.

Watafiti, wakiwamo wa maabara ya Mark Meyerhoff katika Chuo Kikuu cha Michigan, wametengeneza plastiki inayoiga kazi hiyo. Ndani ya silikoni au poliyurethani hutiwa kemikali inayoachia gesi polepole. Mojawapo hufupishwa SNAP. Kwa kuwa himoglobini huiharibu gesi hiyo upesi sana, athari yake huishia pale pale juu ya mpira, tofauti na heparini ambayo ikiingia katika mzunguko huweza kumfanya mgonjwa atokwe na damu kwingineko. Zaidi ya hayo, huua bakteria na kudhoofisha utando wao.

Tatizo ni akiba. Seli hai hutengeneza gesi upya kila mara. Plastiki ina kiasi ilichotiwa tu, nacho hupungua hata kabla ya matumizi kikipatwa na joto au mwanga. Ndiyo maana wengine hutumia shaba, ambayo huchochea gesi kutoka katika viambato vilivyomo tayari ndani ya damu.

Ushahidi mwingi bado ni wa maabara na wa wanyama kama sungura na kondoo. Kwa sasa fistula, iliyoundwa kwa mishipa ya mgonjwa mwenyewe yenye seli hizo, huziba na kuambukizwa mara chache kuliko mpira. Anayeshauriwa kuifanyiwa asiahirishe. Mwenye mpira akitetemeka kwa baridi wakati wa kusafishwa, amwambie muuguzi papo hapo.