Posa na Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Katika familia nyingi za India, ndoa ni shughuli ya koo mbili. Kabla posa haijakubaliwa, kila upande hutuma watu wakaulizie: baba anafanya kazi gani, ni watu wa tabaka gani, kuna ugonjwa wowote unaotembea katika ukoo? Huulizwa shangazi, huulizwa jirani, hata mwenye duka la mtaani. Ikijulikana kwamba kaka mtu aliwahi kurukwa na akili, posa hupoa bila maelezo, na dada zake wote hupakwa doa hilo hilo.

Ndiyo maana mgonjwa hufichwa. Wageni wanaandaliwa chai ya maziwa na vitamutamu sebuleni, naye anaambiwa asitoke chumba cha nyuma. Wakimuulizia, mama husema yuko masomoni. Wazazi hawa si wakatili. Wana mabinti wa kuozesha, na wanajua watu watasema nini.

Asiyeruhusiwa kutamka huzuni huisemea mwilini. Humweleza daktari kuwa kichwa kinamgonga, tumbo linajaa gesi, usingizi hauji. Maradhi ya namna hiyo hayamvunjii mtu uchumba. Hivyo ugonjwa wenyewe hubaki bila tiba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16, ulioongozwa na NIMHANS, taasisi ya afya ya akili ya Bengaluru, ulionyesha kuwa asilimia 70 hadi 92 ya wagonjwa wa akili, kutegemea aina ya ugonjwa, hawakuwa wakitibiwa.

Wengine hupelekwa kuombewa. Huko Erwadi, Tamil Nadu, lipo kaburi la walii ambako Waislamu na Wahindu huwapeleka ndugu zao. Jirani yake palizuka nyumba za kulaza wagonjwa kwa malipo. Alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2001 mojawapo ilishika moto. Wagonjwa 28 walikufa. Walikuwa wamefungwa minyororo, hawakuweza kukimbia. Sheria ya mwaka 2017 imepiga marufuku minyororo hiyo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoona familia ya Kihindi kuwa ndiyo adui. Katika miaka ya 1950 Dkt. Vidya Sagar, wa hospitali ya akili ya Amritsar, aliwaweka ndugu kwenye mahema uwanjani wakae na wagonjwa wao. Akawafundisha ugonjwa wenyewe na namna ya kuuguza, ili mtu akiruhusiwa apokelewe nyumbani na watu wanaomwelewa. Ukaribu ule ule unaofunga mlango ndio uliotumika kuponya.

Mwaka 2015 mwigizaji Deepika Padukone alieleza hadharani alivyougua sonona, na kwamba mama yake ndiye aliyegundua mapema kuwa mwanawe anahitaji msaada. Wengi walisifu ujasiri wa nyota wa sinema. Mimi naona uzito zaidi upande mwingine: alikuwa bado hajaolewa, na mama yake hakumzuia kusema.