Saa za Usiku ni Mali ya Nani?

Seremala akitoka katika karakana ya tajiri wake saa kumi jioni, akaenda kwake akachonga kigoda kwa randa yake na kwa mbao aliyoinunua mwenyewe, hapana mtu atakayethubutu kusema kigoda kile ni cha tajiri. Lakini siku hizi wako wafanyakazi ambao randa yao ni akili, na mbao yao ni akili vile vile. Hao ndio waandishi wa programu za kompyuta. Wengi wao hufanya kazi ya mshahara mchana, na usiku huandika programu zao wenyewe, au huchukua kibarua cha saa chache kwa mtu mwingine. Msumeno huachwa kazini, akili haiachwi. Basi kilichozaliwa na akili ile usiku ni cha nani?

Swali hili si geni. Na tutazame yaliyompata Steve Wozniak wa California, Marekani, fundi wa vyombo na mwandishi wa programu.

Mwaka 1975 Wozniak, kijana wa miaka 24, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Hewlett-Packard kuunda mashine ndogo za hesabu. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote. Jioni alikwenda kwake kula, kisha alirudi ofisini, akaketi pale pale mezani pake kushughulikia jambo lake mwenyewe: kompyuta ndogo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuwa nayo nyumbani. Tarehe 29 Juni 1975 alibonyeza herufi, akaziona zikitokea katika kioo cha televisheni. Baadaye akaiandikia pia programu ya lugha ya BASIC.

Ndugu wasomaji, mwaiona hatari iliyokuwapo. Saa zilikuwa zake, lakini meza ilikuwa ya kampuni. Lau angalinyamaza, huenda mabishano yangalizuka baadaye. Wozniak hakunyamaza. Aliwaendea wakubwa wake akawaonyesha kazi yake, akataka waitengeneze wao. Wakakataa, na yeye husema kwamba walimkatalia mara tano. Ndipo alipoomba kampuni imwachilie chombo kile kwa maandishi, naye akapewa. Tarehe 1 Aprili 1976 kampuni ya Apple ikaundwa. Kwa kuanzia, Wozniak aliuza mashine yake ya hesabu, na mwenziwe Steve Jobs akauza gari lake la Volkswagen.

Hata hapo mshahara hakuuacha. Mike Markkula, aliyetia fedha katika kampuni ile changa, alipomwambia kwamba ni lazima aiache Hewlett-Packard, jawabu lake la kwanza lilikuwa la kukataa. Ndugu na marafiki wakamwandama kwa simu mpaka akageuza nia. Sisi hatumwoni kuwa mwoga. Mtu mwenye kazi aipendayo na mshahara usiokosa ana haki ya kujiuliza mara mbili.

Lakini kisa kingine cha mwaka ule ule wa 1975 hakina utulivu huo. Jobs, aliyekuwa kazini katika kampuni ya Atari, alimletea Wozniak kibarua cha kusanifu mchezo uitwao Breakout kwa muda wa siku nne. Mchana Wozniak alikuwa kwa mwajiri wake, usiku alikesha Atari. Mchezo ukamalizika kwa wakati, na wote wawili wakaugua. Kwa maelezo ya Wozniak, Jobs alimwambia malipo ni dola 700, akampa nusu. Miaka mingi baadaye akasikia kwamba Atari ilikuwa imelipa maelfu. Jobs aliyakana maneno hayo. Tusiwe mahakimu wa watu hao wawili. Tuseme tu kwamba hapakuwa na karatasi iliyomwonyesha Wozniak malipo kamili, naye ndiye aliyekesha.

Mwaka 1979 California ilitunga sheria, nayo ni kifungu cha 2870 cha Sheria ya Kazi. Kwa sheria hiyo, mwajiri hawezi kudai uvumbuzi alioufanya mfanyakazi kwa saa zake mwenyewe, bila kutumia vyombo, vifaa au siri za mwajiri. Isipokuwa uvumbuzi ule ukihusiana na shughuli za mwajiri, au ukitokana na kazi aliyomfanyia, kinga hiyo huondoka. Huo ndio mlango uliobaki wazi, nao si mdogo, maana kampuni kubwa ina shughuli nyingi.

Karibu na kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba kazi iliyofanywa katika utumishi huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, ila wenyewe wakipatana vingine. Wanaochukua vibarua vya usiku nao wasidhani wamesalimika: kazi iliyoagizwa na mtu huhamia kwa aliyeiagiza, ila kwa mapatano. Hayo mapatano yaandikwe kabla ya kuanza, pamoja na malipo yote na jina la mlipaji. Na mkataba wa mchana, ambao wengi wetu hutia sahihi bila kugeuza ukurasa wa pili, usomwe usiku huo huo.