Jongoo na popo wa Kwale: wawili wasio na mashabiki

Ukiulizwa ni mnyama gani wa Kwale aokolewe kwanza, najua utataja mbega wa Diani au pomboo wa Wasini. Hao wana sura. Sasa nipe dakika mbili za jongoo bahari na popo, ambao hakuna mtu atawachapa kwenye fulana.

Jongoo ninayemsema ni yule wa mchangani, Holothuria scabra. Hana mfupa, hana macho, hana mbio. Kazi yake ni kumeza mchanga, kula uchafu uliomo, kisha kuutoa upande wa pili ukiwa safi. Popo naye ni yule wa Hildegarde, anayelala kwenye mapango ya pwani yetu na ya Tanzania, na usiku hutoka kuwinda wadudu. Amepewa jina la mama Mwingereza, ingawa popo aliyeandikishwa mwaka wa 1909 alitoka hapa hapa Rabai. Ya majina tuyaache.

Wote wawili wako kwenye orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini. Popo namwelewa, maana jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara. Lakini jongoo hutaga mayai kwa mamilioni! Chuo niliacha mwaka wa pili, ila hata hesabu yangu mimi ilikataa.

Kumbe jongoo hawapandani. Dume anamwaga mbegu majini, jike anamwaga mayai, vikutane huko huko. Ukishaokota wengi, waliobaki wanakuwa mbali mbali na mayai yanapotea bure. Shida ya popo ni kinyume chake. Wamejazana pangoni, kwa hivyo moto mmoja tu humo ndani unawavuruga wote.

Binamu yangu huzamia jongoo kule Vanga kaskazi ikiingia, maji yakiwa maangavu. Wanapasuliwa, wanachemshwa, wanakaushwa, halafu safari ya China. Nilipomwambia awaache wadogo wakue, akaniuliza, "Ndugu yangu, karo ya mtoto utanilipia wewe?" Sikuwa na jibu. Baadaye, bila kuulizwa, akasema siku hizi anazama chini zaidi na gunia bado halijai. Hapo ndipo niliogopa, na si kwa ajili ya jongoo tu.

Popo angalau hana mnunuzi. Ukienda Shimoni kuona pango la watumwa, lipa kiingilio cha wanakijiji, ingia, halafu punguza mwanga wa simu. Kuna wenyeji wamelala juu ya kichwa chako.