Binti na Hadubini

Wazazi wenzetu, binti akikosa alama za udaktari, twafanya haraka kumtafutia mchumba. Hapo twakosea. Iko sayansi ya tiba, elimu ya damu, vijidudu na dawa, ambayo mhitimu wake hutafiti chanjo, husomesha, au huhudumu maabara. Ila kazi ya maabara ya hospitali yataka usajili wa bodi. Tuulize kabla ya kulipa karo.

Wala si mbali. Tangu 1989 Kilifi ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani 2021, ilijaribiwa kwa watoto wa huku. Damu ni ya wanetu; mbona wasomaji wake wasiwe binti zetu?