Bustani ya Kiangazi na Adui Zake

Wasikilizaji wetu, katika milima ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mvua huanza Novemba au Desemba, zikakoma Aprili au Mei. Baada ya hapo nchi hukauka muda wa miezi sita hivi. Mahindi yamo ghalani, maharagwe yamevunwa, lakini mboga za shambani zimekwisha. Ndipo mtu mwenye bidii hushuka bondeni penye unyevu, akalima bustani. Bustani hiyo ndiyo kitoweo cha watoto mpaka mvua zirudi, tena katika nyumba nyingi ndiyo itoayo fedha za daftari na sare za shule. Leo twataka kuwaeleza ninyi wa Tingi na vijiji jirani jinsi ya kuilinda na wadudu, maana si mtu mmoja aliyepanda vizuri mwezi wa Juni, akavuna mashina matupu Agosti.

Huenda mtu akauliza: kwa nini wadudu hutusumbua hivi wakati wa kiangazi? Jibu si gumu. Nchi yote ikikauka, bustani yako ndiyo mahali penye majani mabichi. Wadudu nao wana njaa. Tena hapana mvua kubwa ya kuwaangusha kutoka majanini. Basi tusingoje waje ndipo tushangae. Yatupasa kuwatazamia, na kwanza kuwajua, kwa kuwa kila mmoja ana saa yake ya kula na mahali pake pa kujificha.

Adui wa kwanza ni sota. Wapandikiza miche jioni, asubuhi waikuta imelala chini, imekatwa kama kwa kisu. Wengi huwalaumu panya au kuku wa jirani. Fukua udongo kwa kidole karibu na shina lililokatwa, nawe utamwona kiwavi mnene wa rangi ya udongo, ambaye akiguswa hujikunja mfano wa pete. Yeye hula usiku na kulala mchana. Dawa yake ni kuchimba bustani majuma mawili au matatu kabla ya kupanda na kung'oa magugu yote, ili ndege wamle naye akose chakula. Kisha zungusha ganda kavu la mgomba kwenye kila mche, sehemu yake ndogo iingie udongoni.

Wa pili ni vidukari, wadudu wadogo sana wajazanao chini ya majani ya sukuma wiki na kabichi. Hawatafuni, hufyonza maji ya mmea hata majani yakajikunja. Ukiona sisimizi wapanda na kushuka kwenye shina, geuza jani utazame, maana sisimizi hufuata utamu utokao kwa vidukari, nao huwalinda. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita 1 ya maji safi, ujaribu kwanza kwenye majani machache. Usipoona majani kuungua, nyunyiza jioni, hasa upande wa chini. Lakini ukimwona mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, usimwue. Huyo na watoto wake hula vidukari. Ni askari wako asiyedai mshahara.

Wa tatu ni utitiri mwekundu. Huyu hupenda joto na vumbi, kwa hiyo huzidi Septemba na Oktoba. Majani hugeuka rangi ya kutu, na chini yake huonekana utando mwembamba. Yaondoe majani yaliyoshikwa sana, umwagilie mmea vizuri, uoshe majani upande wa chini, na utandaze nyasi kavu ili vumbi lisiruke.

Sasa tuje kwa mgeni aliye mbaya kuliko hao wote, ndiye kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 aliripotiwa hapa Tanzania. Ni nondo mdogo wa kijivu. Kiwavi wake huingia baina ya ngozi mbili za jani la mnyanya, akala nyama ya ndani, hata jani likawa na mabaka meupe kama lililounguzwa kwa moto. Kisha hutoboa tunda. Kwa kuwa hukaa ndani ya jani, dawa nyingi hazimfikii. Tena amekwisha zizoea baadhi yake. Huzaliana upesi, kizazi kimoja kwa mwezi mmoja hivi.

Je, tutamshindaje? Hapa yafaa tuwakumbuke wazee wa Kimatengo na kilimo chao cha ngoro. Mwisho wa mvua hukata nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatizana mfano wa wavu, wakazifunika udongo uliochimbwa katikati, yakapatikana mashimo ya kuzuia maji yasiteremke na udongo. Juu ya matuta hupanda maharagwe kwanza. Msimu ufuatao hupanda mahindi. Hawarudii zao lile lile. Nasi bustanini tufuate desturi hiyo. Palipokuwa na nyanya mwaka huu, mwaka ujao pawe na maharagwe, vitunguu au kabichi. Lakini tusipande viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu wala mnavu mahali hapo, kwa sababu hizo zote ni jamaa za nyanya, naye kantangaze huzila. Majani na matunda yaliyotobolewa tusiyatupe pembeni. Tuyachome, au tuyafukie chini sana. Na majirani wa bonde moja wapatane, kwa maana nondo hajui mpaka wa bustani.

Tuna neno moja la kuungama. Chuoni petu, kiangazi kimoja, nyanya zetu zilishambuliwa. Katika haraka tulichukua dawa iliyosalia ya kunyunyizia kahawa, tukainyunyiza juu ya nyanya na mchicha uliokuwa kando yake. Kantangaze hakufa. Waliokufa ni wale wadudu wekundu wenye madoa, na baada ya majuma machache utitiri ukajaa kila mahali. Zaidi ya hayo, mchicha ulikuwa tayari kwa chakula cha wanafunzi, wala hapakuwa na mtu wa kutuambia kama unafaa kuliwa. Tuliung'oa wote tukaufukia, na wanafunzi wakala maharagwe matupu. Ilitulazimu kuwaeleza sababu, wala haikuwa rahisi kwa walimu.

Fikirini tofauti yenyewe. Tunda la kahawa huondolewa ganda, mbegu ikakaushwa na kukaangwa. Lakini jani la mchicha huliwa lenyewe. Kwa hiyo dawa ya kahawa si dawa ya mboga. Ukilazimika kununua dawa, soma karatasi iliyobandikwa chupani: mazao gani, kipimo gani, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Ikiwa haikutaja mboga yako, iache.

Hata dawa ya miti yataka hadhari. Majani ya utupa yaliyopondwa na kulowekwa huua wadudu, lakini wazee wetu waliyatumia kuvulia samaki, maana huwaua. Vijito vingi vya milima hii hushukia Ziwa Nyasa, kwenye usipa na mbasa tunaowala. Basi tusioshe vyombo vya dawa kijitoni. Na tukumbuke kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza kufanya kazi za kuharibu ndani ya meta 60 za ukingo wa mto au ziwa.

Kwa kumaliza, twawaomba jambo dogo. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtoto mmoja wa nyumbani apite bustanini, ageuze majani kumi chini juu, kisha awaambie wazazi aliyoyaona. Mdudu aonekanaye siku ya kwanza huuawa kwa kidole. Akiachwa mwezi mmoja, hata fedha ya nyumba yote haitamtosha.