Siku ya familia Kunduchi: furaha ya maji huanza na mpango

Kila likizo ndefu inapowadia, mabasi yanayotoka Bujumbura na Kigali kuelekea Dar es Salaam hubeba watoto wengi. Wanakwenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba aliyehamia Kariakoo au Temeke miaka mingi iliyopita. Na katika mambo yote wanayoahidiwa njiani, moja huwakosesha usingizi: siku ya kwenda Kunduchi kuteleza kwenye maji.

Kunduchi ni mtaa wa pwani ulioko kaskazini mwa jiji, pembeni mwa barabara ya Bagamoyo. Wavuvi wake ni wa zamani, na yapo huko magofu na makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Lakini watoto wa leo wanaujua mtaa huo kwa Kunduchi Wet 'n' Wild, mojawapo ya bustani kubwa za michezo ya maji katika Afrika Mashariki. Makala hii inaeleza namna familia inavyoweza kuipanga siku ya namna hiyo, hapo Kunduchi au mahali pengine panapofanana napo, ili iishe kwa kicheko kama ilivyoanza.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Jambo la kwanza ni kupumzika. Safari ya basi kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam hupita siku moja, na mtoto aliyelala ameketi hana nguvu za kuogelea wala akili tulivu ya kusikia maelekezo. Familia ijipe walau siku moja ya mapumziko kabla ya kwenda kwenye maji.

Jambo la pili ni kupiga simu. Viingilio na saa za kufungua hubadilika, na siku za sikukuu huwa na utaratibu wake. Yafaa kuuliza maswali matano: kiingilio cha mtoto huanzia umri au urefu gani, je, kinajumuisha michezo yote, je, chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, yapo makabati ya kufungia mizigo, na ni mavazi gani yanayokubalika majini. Swali hili la mwisho lina uzito kwa familia nyingi za Waswahili. Mama au binti anayetaka kujisitiri anaweza kuvaa vazi la kuogelea linalofunika mwili wote, lakini ni vema ajue mapema kama linakubaliwa, kuliko kuzuiwa akiwa tayari mlangoni.

Kanuni za mavazi katika bustani hizi zina sababu. Suruali ya jinzi na nguo nzito za pamba hunyonya maji, zikamlemea mwogeleaji. Zipu na vifungo vya chuma hukwaruza mitelezo na kuwajeruhi watakaofuata. Mapambo ya shingoni na masikioni yaachwe nyumbani.

Fedha nazo zipangwe. Faranga za Burundi na za Rwanda hazilipii kitu mlangoni, kwa hiyo ni busara kubadilisha shilingi za kutosha mapema, katika duka la fedha lililoidhinishwa. Hesabu iwe ya watu wote, wakiwemo wale wasioingia majini, maana mahali pengi hata mtazamaji hulipa.

Halafu mpimeni mtoto urefu nyumbani, kwa alama ya penseli ukutani. Katika bustani nyingi duniani, mitelezo mikubwa humtaka mchezaji awe na urefu wa takriban sentimita 120. Mtoto anayejua tangu nyumbani kwamba hajafikia kimo hicho hataaibika mbele ya wenzake, wala mzazi hatashawishika kumwombea ruhusa.

Namna mitelezo na mawimbi yanavyofanya kazi

Mtelezo wa maji ni mfereji ulioinama, ambao pampu huupandishia maji juu bila kukoma. Maji hayo huwa tabaka jembamba kati ya mwili na mfereji, yakipunguza msuguano, na uzito wa mtu mwenyewe ndio unaomvuta chini. Ndiyo sababu mtu mzito aghalabu hushuka kwa kasi kuliko mtoto, na ndiyo sababu baba hapaswi kumpakata mtoto mdogo pale ambapo wasimamizi hawajaruhusu: mguu wa mtoto ukikwama ukutani, uzito wa baba unaweza kuuvunja.

Anayeteleza hulala chali, mikono ameikunja kifuani, miguu ameibana pamoja. Hatangulii kwa kichwa, wala haanzi kabla ya msimamizi kumpa ishara. Akifika chini huondoka upesi mdomoni mwa mtelezo, kwa kuwa mwenzake yuko nyuma yake.

Katika bwawa la mawimbi, aghalabu mitambo iliyofichwa upande wenye kina husukuma hewa kwenye vyumba maalumu, na hewa hiyo huyasukuma maji. Mawimbi huja kwa vipindi, na kwa kawaida king'ora hulia kabla hayajaanza. Sakafu yake huinama polepole kama ufuo, kwa hiyo mtoto anayesonga hatua tatu mbele anaweza kujikuta maji yamemfika kidevuni bila kutambua lini.

Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika huenda akajiona mjuzi wa maji. Amefundishwa kuogopa mamba na kiboko, na amejua mahali ufuo unapokatika. Ujuzi huo una faida, lakini hapa hatari imevaa sura nyingine: maji ni maangavu, rangi ni za kupendeza, watu wamejaa, na hakuna kitu kinachoonekana cha kuogopesha.

Maji ya kifuu, bahari ya chungu

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtoto wa miaka miwili, maji yanayomfika mzazi magotini yanatosha kuyachukua maisha yake.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya kwanza ya dunia kuhusu kuzuia vifo vya maji, iliyotolewa Desemba 2024, lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni kwa ajili ya msiba huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji. Bustani ya michezo yenye waokoaji si mahali pa hatari kama mto au kisima kisicho na kifuniko. Hata hivyo, inawakusanya mamia ya watu katika maji mamoja, na mtoto mmoja hupotea machoni upesi.

Lililo gumu zaidi kuamini ni kwamba anayezama hapigi kelele. Francesco Pia, mwokoaji wa Marekani aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, alieleza kuwa mtu anayezama hana pumzi ya kuita, wala hawezi kuinua mkono apunge. Kinywa chake huzama na kuibuka, mikono huyakandamiza maji kando, na mwili husimama wima bila miguu kupiga. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60 tu kabla hajazama kabisa. Aliyeketi kivulini akisubiri ukelele huenda asiusikie kamwe.

Zamu ya macho

Familia kubwa huwa na kosa moja la kawaida: kila mtu mzima hudhani mwenzake anatazama. Mama anafikiri shangazi yupo, shangazi anafikiri kaka mkubwa yupo, na kaka mkubwa yuko juu ya mtelezo. Mtoto anayetazamwa na wote huenda asitazamwe na yeyote.

Dawa yake ni zamu. Mtu mzima mmoja, kwa jina, apewe kazi ya kuyatazama maji kwa dakika 15 au 20, kisha amkabidhi mwingine kwa kutamka waziwazi kwamba zamu imehama. Aliye zamuni hasomi simu, hanunui chakula, hapigi picha. Mshika mbili moja humponyoka. Idadi ya watoto kwa kila mtazamaji iwe ndogo, na wale wa chini ya miaka 5 wawe na mtu wao ndani ya maji, umbali wa mkono mmoja.

Waokoaji wa bustani ni wasaidizi, hawachukui nafasi ya mzazi. Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi nayo ni vitu vya kuchezea. Hutoboka, huvuka, na humpa mzazi imani isiyo na msingi. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea linalomkaa vema.

Wavisheni watoto nguo za kuogelea za rangi kali, kama nyekundu au ya machungwa, kwani rangi ya buluu hupotea ndani ya bwawa. Chagueni mahali pa kukutana iwapo mtu atapotea, na kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi mkononi, imeandikwa kwa wino usiofutika upesi. Kumbukeni kuwa simu iliyotoka Burundi au Rwanda huenda isipatikane kwa urahisi; namba ya jamaa mwenyeji ndiyo bora.

Jua, upepo na afya

Katikati ya mwaka, upepo wa kusi huvuma Dar es Salaam na hali huwa ya ubaridi kidogo. Mtoto aliyelowa hutetemeka upesi, kwa hiyo taulo na nguo kavu zisisahaulike. Mwezi Desemba mambo hugeuka, joto na unyevu vikawa vikali. Katika misimu yote miwili, jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ndilo linalounguza zaidi, na maji huliakisi.

Hili ni jambo kubwa kwa familia zenye mtoto mwenye ualbino. Haina maana abaki nyumbani. Apewe vazi la kuogelea la mikono mirefu, kofia pana, na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili na kila atokapo majini, na wakati wake wa kucheza uwe asubuhi mapema au jua linapopungua. Uoni wake huenda ukawa hafifu, basi na mtazamaji wake awe karibu zaidi.

Maji ya bwawa hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Harufu kali inayochoma macho si dalili ya usafi kama wengi wanavyodhani; hutokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Kwa hiyo kila mtu aoge kabla ya kuingia, na watoto wapelekwe msalani mara kwa mara. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa, kwa kuwa vimelea viitwavyo Cryptosporidium huweza kuishi zaidi ya siku saba hata katika maji yenye klorini ya kutosha. Na watoto wote wakatazwe kuyameza maji hayo.

Ikiwa ajali itatokea

Mwiteni mwokoaji mara moja na mtoeni mtoto majini. Kama hapumui, msaada huanza palepale: kupuliza pumzi kinywani na kukandamiza kifua, bila kungoja gari. Ile desturi ya kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumbinya tumbo ili maji yatoke inapoteza dakika za thamani na inaweza kumdhuru. Nchini Tanzania, namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mtoto aliyeopolewa akiwa taabani apelekwe hospitali hata kama ameanza kucheka, maana mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Mwisho wa siku, watoto wahesabiwe kabla ya kuondoka bwawani, wahesabiwe tena getini, na mara ya tatu ndani ya gari. Ikiwa hesabu ya mara zote tatu ni ile ile iliyotoka nyumbani asubuhi, siku imekamilika.